Mswada Ufike Mlimani Kabla ya Kura

Muulize mkazi wa Muyinga mjini, nchini Burundi, mbunge wake ni nani, kisha usubiri. Hadi mwaka 2025 swali hilo lilikuwa na nafuu, kwa sababu Muyinga ilikuwa mkoa, na mkoa ndio uliokuwa jimbo la uchaguzi. Leo Muyinga imo ndani ya mkoa wa Buhumuza, pamoja na iliyokuwa mikoa ya Cankuzo na Ruyigi, na makao makuu yako Cankuzo. Nchi nzima imetoka mikoa 18 hadi mitano, komuni 119 hadi 42. Tena Burundi haichagui mbunge mmoja kwa kila jimbo kama Tanzania au Kenya. Mpiga kura huchagua orodha ya chama, na wanaoingia bungeni ni wale ambao chama kimewatanguliza kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo mwananchi hana mbunge wake mmoja wa kumsimamisha njiani akamwuliza jambo. Ana kundi la wabunge wa mkoa mpana, na wengi wao hajawahi kuwatia machoni.

Kisha kuna matokeo yenyewe. Katika uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025, CNDD-FDD, chama tawala, ilipata zaidi ya asilimia 96 ya kura na kutwaa viti vyote 100 vilivyogombewa. Seneti nayo, ambayo kila mkoa huipelekea wajumbe wawili, Mhutu mmoja na Mtutsi mmoja, na ambayo ina pia Watwa watatu, ilishuka kutoka watu 39 hadi 13 mikoa ilipounganishwa. Wachache zaidi wanawakilisha eneo kubwa zaidi, na wote waliopigiwa kura wametoka chama kimoja.

Sitaki kujadili hapa kama hayo ni mema au mabaya. Wapo wanaoijua siasa kuliko mimi. Ninachokijua ni njia ambazo habari za Bunge humfikia mwananchi. Mahali penye upinzani, habari nyingi hutoka kwa ugomvi. Mbunge wa upande wa pili husimama na ukurasa wa bajeti mkononi, anauliza fedha za barabara fulani zimekwenda wapi, na jioni redio zote zinalo. Pasipo na ugomvi huo, taarifa haijitoi yenyewe. Lazima taasisi iitoe kwa hiari yake na kwa utaratibu, ama sivyo mwananchi atasikia jambo moja tu: mswada umepitishwa, na umepitishwa kwa kauli moja. Ndiyo maana kwangu mimi suala la Bunge kutumia mitandao nchini Burundi lina uzito sasa kuliko wakati wowote uliopita.

Katiba iko upande wa mwananchi. Ile iliyotangazwa tarehe 7 Juni 2018 huko Bugendana, mkoani Gitega, inataka kila andiko la sheria liwe na nakala yake ya asili kwa Kirundi. Vikao vya mabaraza yote mawili, Inama Nshingamateka (Bunge) na Inama Nkenguzamateka (Seneti), ni vya hadhara, isipokuwa pale wajumbe wanapoamua kujifungia. Hapo hapahitajiki sheria mpya wala semina ya hotelini. Kinachohitajika ni kutimiza kilichokwisha kuandikwa.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Miswada mingi huandaliwa kwa Kifaransa. Ukumbini wabunge hujadiliana kwa Kirundi, mara nyingi kilichochanganywa na Kifaransa. Tovuti ya Bunge, assemblee.bi, huzungumza zaidi Kifaransa. Yaani mjadala ambao mkulima wa Gasorwe au Giheta angeuelewa neno kwa neno huingia mtandaoni ukiwa umevaa lugha asiyoijua.

Kuna pia suala la umbo la faili, ambalo watu wa teknolojia hulijua vizuri lakini hawalisemi kwa sauti. Nyaraka nyingi za serikali katika ukanda wetu huwekwa mtandaoni kama picha: karatasi imechapwa, ikapigwa muhuri, ikatiwa saini, ikapitishwa kwenye mashine ya kunakili, kisha picha za kurasa zikaunganishwa kuwa faili moja la PDF. Kwenye kompyuta ya ofisini inapendeza. Ifungue kwenye simu ya kioo kidogo na utaona adhabu yake. Ukurasa mzima unatokea kama stempu. Unaukuza kwa vidole viwili, herufi zinakuwa kubwa lakini nusu ya mstari inatoka nje ya kioo. Unausukuma kushoto, unausukuma kulia, na ukifika mstari wa tatu umesahau wa kwanza. Ukitaka kutafuta neno "Muyinga" ndani yake, simu inakujibu kwamba halimo, maana kwake hakuna maneno pale, kuna picha tu. Programu ya kumsomea asiyeona hunyamaza kimya. Na uzito! Kurasa 40 za picha zaweza kufika megabaiti 15 au 20, ilhali maandishi matupu ya kurasa hizo hizo hayazidi sana kilobaiti 120. Ni tofauti ya zaidi ya mara mia kwa maneno yale yale.

Hesabu hiyo ina maana kubwa katika nchi ambayo takriban mtu mmoja kati ya kumi ndiye anayetumia intaneti, na umeme wa nyumbani una wateja wachache vilevile. Mtu anayelipia kuchaji simu yake sokoni na kununua intaneti kidogo kidogo hatafuti picha ya muhuri wa waziri. Kwa hiyo kila mtu anaponiambia kwamba dawa ya uwazi ni kurusha vikao mubashara kwa video, huuliza kwanza: kwa nani? Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula megabaiti 500 au zaidi. Saa hiyo hiyo ikiwa sauti tupu, iliyobanwa kama zinavyobanwa sauti za WhatsApp, ni kama megabaiti saba. Muhtasari wa kurasa mbili kwa maandishi haufiki kilobaiti kumi. Mwenye akili ya biashara angeanza na kipi?

Sisemi video haina kazi. Ni ushahidi, na redio na televisheni huchota humo. Lakini funzo la Tanzania liko karibu na wote tunalikumbuka. Tarehe 27 Januari 2016, waziri wa habari wakati huo, Nape Nnauye, aliliambia Bunge mjini Dodoma kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na kwamba saa za vikao wananchi wengi wako kazini. Badala yake vingerushwa vipindi vilivyorekodiwa, usiku. Wabunge wa upinzani walikuja juu na kikao kikavurugika. Watu wengi walibaki na swali kama serikali ilikuwa inaokoa fedha au inajiokoa. Kwangu jambo la kujifunza ni jingine: matangazo yale yalitegemea mfuko na uamuzi wa mtu aliye nje ya Bunge, kwa hiyo yakafungwa kutoka nje ya Bunge. Taasisi inayotaka kusikika iwe na sauti yake yenyewe, na kila redio, kubwa au ndogo, iichukue bure. Kurekodi sauti ya ukumbi ambao tayari una vipaza sauti ni kazi ya fundi mmoja na kompyuta moja.

Kenya ilipita njia ndefu zaidi. Mwaka 2005 hivi, baadhi ya wabunge walikasirika kuona wasifu wao umewekwa kwenye tovuti ya Bunge, elimu na yote, na tovuti ikafungwa. Wakenya wawili, mwanasheria Ory Okolloh na mtaalamu wa kompyuta Conrad Akunga, wakaanzisha Mzalendo, tovuti ya raia ya kufuatilia nani amesema nini bungeni. Aibu ya wachache ikazaa taasisi iliyodumu. Katiba ya 2010, katika ibara ya 118, ikalazimisha Bunge kuendesha shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Lakini ushiriki huo ulibaki kwa miaka mingi kuwa mambo ya matangazo ya magazetini na kumbi zenye viti vitupu, mpaka ulipokuja Mswada wa Fedha wa 2024.

Kilichotokea mwaka huo hueleweka vibaya. Husemwa kwamba vijana walihamasishana TikTok na X. Ni kweli, lakini walihamasishana juu ya nini? Juu ya vifungu. Mswada ulikuwa hadharani, ukasomwa, ukatafsiriwa kwa lugha za mama, ukaelezwa kwa video fupi na kwa lugha ya alama: kodi ya mkate, kodi ya magari, na mengineyo. Tarehe 25 Juni wabunge walipopiga kura, 195 waliunga mkono na 106 walipinga, na orodha ya majina ikasambaa simu kwa simu. Damu ilimwagika siku hiyo Nairobi, na hilo hakuna mwenye akili timamu anayelitamani popote. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatausaini. Ninavyoona mimi, hasira ile ilikuwa na chanzo kirefu: wananchi walipeleka maoni kwa njia rasmi, na wakaona mambo makubwa yamebaki yalivyo. Uwazi wa kwenda bila wa kurudi huudhi kuliko hata giza.

Nirudi Burundi, na nianzie Gitega. Tangu sheria ya mwaka 2019 ilipoufanya mji mkuu wa kisiasa, Seneti ina makao yake huko, ilhali Bunge limebaki Kigobe, Bujumbura. Mtu wa Gitega anaweza, kwa nadharia, kwenda kwa miguu kumsikiliza seneta. Mtu wa Muyinga ana karibu kilomita 200 hadi Kigobe, na katika miaka hii ya foleni za mafuta, nauli peke yake ni mjadala. Hata hivyo, wa Gitega na wa Muyinga wanalingana kwa jambo moja: wote wawili humtegemea mtangazaji wa redio awaambie kilichoamuliwa, baada ya kuamuliwa.

Redio ndiyo njia kuu, na haifai kuidharau kwa kuwa si ya kisasa. Iko Umuco FM Muyinga, iko Ijwi ry'Umukenyezi huko Giheta, jirani na Gitega, na RTNB, redio ya taifa, hutangaza kwa Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Burundi pia tayari ina desturi moja ambayo nchi nyingi hazina: wasemaji wa wizara na taasisi za serikali hukusanyika mkoani, mara huku mara kule, wakahojiwa na wanahabari na wananchi hewani, redio kadhaa zikirusha kwa pamoja. Rais Évariste Ndayishimiye naye hufanya kipindi cha aina hiyo. Watu huuliza mambo ya mbolea, maji, mafuta, na majibu husikika nchi nzima. Kwa nini wabunge wa mkoa wa Gitega au wa Buhumuza wasifanye hivyo kabla ya kila mswada mkubwa? Muundo upo, mitambo ipo, watu wamezoea. Kinachobadilika ni wakati: badala ya kueleza kilichopita, wasikilize juu ya kinachokuja.

Hapo ndipo simu inapoingia, na simu ninayoikusudia ni kitochi, ile ndogo ya vitufe. Huduma ya kubonyeza nyota na reli, ile ile ya kutuma fedha, haihitaji intaneti. Ukurasa wake mmoja hubeba herufi 182 tu, kwa hiyo haiwezi kubeba sheria, lakini yaweza kubeba swali: kifungu hiki unakiunga mkono au hapana? Kwa asiyesoma kuna namba ya sauti: unapiga, unabonyeza moja kusikia muhtasari kwa Kirundi, mbili kwa Kiswahili, tatu kuacha maoni yako kwa mdomo. Kiswahili sikukitaja kwa kujipendelea. Muyinga ina Waislamu wengi, ina soko, na ina barabara ya kwenda mpakani Kobero, ambako wafanyabiashara na madereva huvuka kwenda Tanzania kila siku. Sheria ya ushuru au ya fedha za kigeni inawagusa hao kabla ya kumgusa mtu mwingine yeyote.

Sauti iliyorekodiwa ina faida nyingine ambayo wataalamu wa mijini huisahau. Husafiri bila mtandao. Kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuweka nyimbo kwenye memori kadi anaweza kuweka na dakika kumi za muhtasari wa mswada. Faili likishafika mlimani, yaani kijijini, linasikilizwa na watu wengi kwa simu moja, kisha wanajadili. Warundi walio milimani hawahitaji kufundishwa kujadili jambo la umma hadharani. Abashingantahe, wazee waamuzi wa jadi, wamekuwa wakikaa mbele za watu, wakisikiliza pande zote, kabla ya nchi hii kuwa na bunge.

Lipo la kuogopwa, na lazima lisemwe wazi. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Anayetuma maoni yake kwa simu ametuma na jina lake. Katika nchi ambayo redio za kujitegemea zilichomwa na kuvunjwa Mei 2015, na mitandao ya kijamii ikafungwa siku ya uchaguzi tarehe 20 Mei 2020, raia ana sababu ya kusita. Mfumo wowote wa maoni usiokuwa na jibu la swali hilo utapokea salamu na pongezi tu. Jibu la kiufundi lipo: namba ifutwe maoni yakishapokelewa, ibaki komuni peke yake, na kazi hiyo ifanyike mbele ya mashahidi, vikiwemo vyama vya kiraia. Jibu la kisiasa ni kazi ya wenyewe wenye Bunge.

Na maoni yakishafika, yaende wapi? Brazil, kupitia jukwaa lake la e-Democracia lililoanza 2009, iliwapa raia nafasi ya kutoa maoni juu ya kila kifungu cha mswada. Jukwaa la namna hiyo huzaa matunda pale tu kamati inapolazimika kusema ilipokea nini, ilikubali nini, ilikataa nini na kwa sababu gani. Ukurasa mmoja unatosha. Usipokuwepo, basi ni sanduku la maoni lililotundikwa ukutani, ambalo hakuna anayekumbuka ufunguo wake uko wapi.

Kuhusu kumbukumbu za kura, nitasema kwa ufupi. Katika bunge la chama kimoja, kura ya kauli moja haimwambii mwananchi chochote, lakini maswali yanamwambia mengi. Mbunge yupi wa Buhumuza aliuliza juu ya barabara ya Muyinga? Nani hakufungua mdomo mwaka mzima? Nani alikuwepo na nani hakuwepo? Haya yakiwekwa kwa jina na tarehe, orodha ya chama inageuka kuwa watu. Njia za kupanga taarifa hizo kwa utaratibu mmoja hazihitaji kubuniwa upya. Akoma Ntoso, kiwango cha kuandika miswada na mijadala ya bunge ili kompyuta iweze kuichambua, kilianza katika mradi wa Umoja wa Mataifa uliowekwa Nairobi kwa ajili ya mabunge ya Afrika, na mwaka 2018 kikakubaliwa kuwa cha kimataifa. Hakuna malipo ya kukitumia. Inachekesha kidogo, au inasikitisha, kwamba kilichopikwa jikoni kwetu kimeliwa zaidi na wageni.

Kama ningeombwa kuchagua pa kuanzia, ningechagua Seneti. Ina watu 13, iko Gitega, ni ndogo kiasi kwamba ukurasa wa kila seneta unaweza kukamilika ndani ya wiki moja: jina, mkoa, kamati, maswali aliyouliza, namba ya ofisi. Kisha Bunge lifuate, mkoa kwa mkoa, kila mbunge akiandikwa pamoja na komuni anazozitembelea, ili mtu wa Muyinga asipotelee katika Buhumuza.

Bunge hukutana mara tatu kwa mwaka, Februari, Juni na Oktoba. Mwaka wa fedha wa Burundi huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo bajeti hupitishwa kabla ya hapo. Ewe msomaji wa Gitega au Muyinga, kama utaomba jambo moja, omba hili: muhtasari wa mswada wa bajeti kwa Kirundi na kwa Kiswahili, katika maandishi yanayosomeka kwenye simu na katika sauti, pamoja na jedwali la fedha za mkoa wako, wiki mbili kabla ya kura. Omba kwa barua, omba redioni, mwombe mbunge anapokuja kwenye kazi za maendeleo Jumamosi asubuhi. Kuutuma hakutaligharimu Bunge hata megabaiti kumi.